Programu Isiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kidoti alifungua chumba cha kompyuta, akafagia, akazivua mashine vitambaa vyake na kuvikunja. Ilikuwa zamu yake, na hakuna aliyemwonea wivu, maana vumbi la chumba kile halikuwa na adabu. Lakini muhula huu alifagia huku kidevu, chenye ile alama nyeusi iliyompa jina, kikiwa juu kidogo. Darasa lake, la saba, lilikuwa limeacha kumwita Kidoti. Lilimwita Injinia.

Uinjinia wenyewe aliupata kwa njia ya mkato. Binamu yake, fundi wa simu, alimpa flashi yenye programu ya kutunza alama za wanafunzi. Ilikuwa ya bure. Ukiifungua, ilianza kwa jina na anwani ya barua pepe ya mama mmoja aliyeiandika, kisha jina la leseni yake: Tumia-Badili-Mtaje-Mwenyewe. Binamu alicheka, akasema jina gani hilo limeungwa vistari kama mabehewa ya treni. Kidoti akaona behewa la mwisho zito. Kutumia alikubali, kubadili akakubali, akageuza rangi ya kijivu ikawa kijani. Kumtaja mwenyewe akakuta hakupendi. Akafuta leseni, akafuta jina la yule mama, akaandika lake. Mwalimu wa kompyuta alipoiona alifurahi mpaka chai yake ikapoa. Alama za darasa la nne hadi la saba zikaingizwa humo.

Jumatatu moja Kidoti aliwasha mashine, akakuta darasa la nne halina alama. Majina yalikuwepo, yamejipanga vizuri, na mbele yake patupu. Alizima, akawasha tena. Patupu. Hadi jioni la tano nalo lilikuwa limefuata.

Mwalimu alivuta kiti akampisha. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililomtia Kidoti baridi.

"Injinia, mtoto wako anaumwa," alisema. "Mtibu."

Kidoti alibonyeza hiki, akagusa kile. Hakujua hata pa kuanzia. Akasema ni joto tu, mashine ikipumzika itakaa sawa. Mashine ikapumzika. Kesho yake darasa la sita nalo likawa halina kitu.

Lililobaki ni la saba. Na Ijumaa alama za darasa hilo zilitakiwa kwa wafadhili waliotafuta mtoto mmoja wa kumsomesha sekondari bure. Karatasi za mtihani zilikuwa zimesharudishwa kwa wanafunzi, na nyingi zilikuwa zimefungiwa maandazi au kugeuzwa ndege. Shule nzima ilijua mtoto huyo angekuwa Redio, rafiki yake Kidoti, aliyelelewa na bibi yake na asiyenyamaza hata mdomo ukiwa umejaa.

"Mimi nina Injinia," Redio aliwatambia wenzake, mkono begani kwa Kidoti. "Nyie mna nani?"

Mkono ule ulimwelemea Kidoti kama mfuko wa saruji. Alitaka kusema. Akainama kufunga kamba za viatu.

Alhamisi asubuhi alifungua darasa la saba. Majina ya juu yalikuwa yamekwisha kupoteza alama. Jina la Redio lilikuwa katikati, bado lina zake. Kidoti akiwa anatazama, nafasi moja zaidi ikawa tupu, kimya kimya, kama taa inayozimwa chumba cha pili. Kisha nyingine. Hakungoja ya tatu.

Alimkuta mwalimu ofisini. "Mwalimu, ile programu sikuiandika mimi."

Akaeleza yote, hata ile rangi. Mwalimu akauliza jambo moja tu: flashi ya mwanzo ipo? Ilikuwepo; alikuwa amemrudishia binamu. Anwani ilikuwa ndani. Mwalimu akaandika ujumbe, na kabla ya chakula cha mchana yule mama alikuwa amejibu. Alisema kasoro ile anaijua: programu hudhani mwaka wa masomo umekwisha, ikaanza kuficha alama. Dawa yake aliitoa zamani, na kila aliyehifadhi anwani yake aliipata. Mwalimu akaiweka. Darasa la nne likarudi, la tano, la sita. Redio akarudi na alama zake zote.

Jina la yule mama lilirudishwa mahali pake, na leseni yake nzima. Kisha Kidoti alisimamishwa mbele ya darasa aseme mwenyewe. Redio hakutamka neno, na kwa Redio hilo lilikuwa kama kufunga saumu.

Baadaye mwalimu alimwita pembeni.

"Ulidhani umemwibia mtu wa mbali asiyekujua," alisema. "Ukifuta jina la mwenye kazi, mwanangu, siku mambo yakiharibika utabisha hodi kwa nani? Karibu umlipishe rafiki yako sifa ulizokula wewe. Ukisaidiwa na mtu, mtaje. Hutapungukiwa."

Kidoti alitoka. Redio alikuwa benchini peke yake.

"Alama zimeenda?" aliuliza bila kumtazama.

"Zimeenda. Nimemwona mwalimu akizituma."

 Redio akasogea kidogo kwenye benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.