Mguu wa Kiberiti

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya darasani kulia, wasichana wa mbio za kupokezana vijiti walikuwa wameshauzunguka uwanja wa shule mpaka jasho linawatiririka. Shule yenyewe ilikuwa ya serikali, pembezoni mwa mji, kule ambako nyumba zinaanza kuachana. Paa la maabara lilivuja, madawati yaliyumba, na maktaba ilifungwa kwa kukosa mtu wa kuifungua. Lakini nenda ofisini kwa mkuu wa shule ukaone kabati la vikombe, kioo kinang'aa utadhani kinafutwa kila saa. Shule ile ilijulikana kwa kukimbia, basi, na wasichana wake wa vijiti walikuwa hawajashindwa mkoani kwa miaka mingi.

Mkimbiaji wa mwisho, yule anayepokea kijiti na kwenda nacho hadi kwenye utepe, alikuwa msichana wa kidato cha pili. Wenzake walimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, na akiwaka, amewaka. Mkimbiaji wa akiba alikuwa msichana mrefu wa kidato cha nne waliyemwita Twiga. Huyo alikuwa amekaa benchi tangu ajiunge na timu. Alifanya mazoezi yote, akabeba maji, akashangilia wenzake. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na kila mtu alijua kwamba mmoja wa wakimbiaji wanne wa timu akipata tatizo, nafasi ni yake.

Na tatizo lilikuwepo. Mfupa wa mbele wa mguu wa kulia wa Kiberiti ulikuwa unauma. Mwanzoni uliuma akikimbia, baadaye akitembea, na sasa uliuma hata akiwa amelala. Naye akajikaza kisabuni, akapaka dawa ya kuchua na kuvuta soksi juu.

"Mbona unashuka ngazi kama bibi harusi?" Twiga alimuuliza siku moja.

"Viatu vinanibana."

"Viatu gani, na umevaa malapa?"

Kiberiti akacheka, akageuza mazungumzo. Moyoni alijiambia kwamba akimwambia huyu, habari itafika kwa kocha, na nafasi yake itakuwa imekwenda na maji. Twiga hakuwahi kumfanyia ubaya wowote. Hata hivyo, siku hizo Kiberiti alimwona kama mwizi anayezungukazunguka nyumba ya watu.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Ijumaa ya kabla ya mashindano, kocha huwasimamisha wakimbiaji wanne mbele ya timu nzima na kumuuliza kila mmoja neno moja tu: "Mguu?" Naye hujibu, "Mzima." Timu hupiga makofi, na mambo yamekwisha. Tangu desturi hiyo ianze, hakuna aliyewahi kujibu vingine.

"Mguu?" kocha alimuuliza Kiberiti, huku tayari akitafuta filimbi yake mfukoni.

"Mzima."

Makofi yakapigwa. Twiga naye alipiga, tena kwa nguvu.

Kesho yake kijiti kilimfikia Kiberiti timu yao ikiwa mbele kwa mbali. Alikishika vizuri, akachomoka. Kwenye kona akasikia kitu kikilia ndani ya mguu, kama rula inayovunjwa, na mara akajikuta chini, kijiti kimemtoka mkononi. Wasichana wa shule nyingine wakampita mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa wa kwanza kumfikia alikuwa Twiga. Alimbeba mgongoni na kumtoa uwanjani.

"Ulikuwa unauma tangu lini?" Twiga aliuliza.

Kiberiti alilia tu. Twiga hakuuliza tena, maana jibu alishalipata.

Hospitalini daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga. "Huu haukuvunjika leo," alisema. "Ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Angepumzishwa mapema, ungejiunga wenyewe. Kutembea atatembea. Kurudi kwenye mashindano, sitaki kumdanganya."

Baba yake Kiberiti, fundi breki, alikuwa amekuja na nguo zake za gereji. Alimgeukia kocha.

"Mwalimu, wako madereva ambao breki zikianza kulia, wanaongeza sauti ya redio. Mwanangu amefanya hivyo. Na wewe je?"

Kocha aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nauliza, mzee, lakini sikuwa nikitaka jibu," alisema. "Kuanzia sasa muuguzi atawapima wote. Na atakayesema anaumwa, akipona atarudi kwenye nafasi yake."

Utaratibu huo ulifuatwa kweli, na hadi leo unafuatwa. Kwa Kiberiti ulikuwa umechelewa. Kwa Twiga ulikuwa umechelewa zaidi.

Alipoweza kutembea kwa magongo, Kiberiti alimwomba baba yake ampeleke kwao Twiga. Walimkuta kibarazani anafua nguo.

"Dada, nisamehe," Kiberiti alisema. "Nilijua mguu ni mbovu. Niliogopa utachukua nafasi yangu."

Twiga alikamua shati, akalitundika kambani.

"Ungeniambia, ningekimbia," alisema. "Ningekimbia mara ile moja tu, na mwakani ungeendelea wewe. Nimekusamehe. Lakini usitake nikwambie si neno, kwa sababu ni neno." Kisha akaichukua ndoo, akaingia ndani.

Walirudi kwa miguu. Njiani Kiberiti akamuuliza baba yake kama Twiga atakuja kuwa rafiki yake tena.

"Sijui, mwanangu," baba alisema. "Ulidhani unaficha maumivu yako peke yako, kumbe ulikuwa unaficha na nafasi ya mwenzako. Mtu akiumwa aseme siku hiyo hiyo, ili atibiwe, na ili wengine wajue la kufanya. Mguu wako una daktari. Hili la Twiga ni lako, na huenda lisipone."

Kisha akapunguza mwendo, ili Kiberiti na magongo yake wamfikie.