Printa Yenye Anwani ya Mwenzake

Katika duka la dobi la Mama Pasi, asubuhi huanza kwa mlio wa maji. Mumewe hujaza mashine za kufulia, kisha humwaga sabuni bila kipimo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mzee Povu. Mama Pasi husimama mbele ya meza yake na kunyoosha mashati, moja baada ya jingine. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili. Humo ndimo wanamoishi na binti yao.

Mama Pasi alikuwa amevuka miaka hamsini alipojiunga na masomo ya jioni chuoni. Alichagua somo la utangulizi wa mitandao ya kompyuta. Darasani alikaa mbele, kwa sababu ya macho. Kabla ya somo aliinamisha kichwa na kuomba, "Ee Mungu, nijalie kuelewa. Nisipoelewa, nipe ujasiri wa kuuliza."

Binti yake naye alikuwa na jambo lake. Alitaka kusomea uuguzi. Chuo kilikuwa kimemwita kwenye usaili siku ya Alhamisi, kwa njia ya video. Kilikuwa mbali, na barua yao ilisema wazi kwamba usaili haurudiwi. Akikosa, angesubiri mwaka mzima. Mawimbi ya simu hayakupenya vizuri kuta za zege za nyumba yao, kwa hiyo alitegemea waifai ya dukani na kompyuta mpakato ya kuazima.

Jumatatu alifanya mazoezi ya usaili na rafiki yake. Sura ya rafiki iliganda mdomo wazi, kisha ikapotea. Baada ya muda mtandao ulirudi. Ukakatika tena.

"Mama, umegusa nini?" binti aliuliza.

"Mimi? Niko na pasi yangu hapa."

Mzee Povu alicheka. "Tangu mama yako aanze hicho chuo, mtandao wetu una kwikwi."

"Na wewe tangu uanze kufua, wateja wana upele," Mama Pasi alijibu. Wote walicheka, lakini binti hakucheka kwa muda mrefu.

"Nakuomba, mama. Hayo mambo ya chuo yaache mpaka Alhamisi ipite. Usijaribu kitu chochote hapa nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pasi. Akarudi kwenye mashati yake.

Walianza kutafuta mchawi. Binti alimshuku kinyozi wa mlango wa pili, ambaye walikuwa wamempa nywila ya waifai kwa ujirani mwema. "Wateja wake wanatazama mpira kupitia kwetu," alisema. Wakabadilisha nywila. Haikupita saa, kinyozi akaja na mashine ya kunyolea mkononi.

"Jirani, mmenifungia nje?"

"Tuwie radhi, baba. Binti ana usaili, na mtandao unakatika," alisema Mama Pasi.

"Hakuna neno. Ila ukiendelea kukatika, msije mkasema ni pumzi zangu."

Uliendelea kukatika.

Jioni ya Jumanne, Mama Pasi alimfuata mwalimu wake kabla ya somo. Mwalimu alikuwa kijana wa rika la binti yake, lakini hakuwa na haraka na mtu.

"Mwalimu, nyumbani maji yamenifika shingoni. Intaneti inakuja na kuondoka. Tumebadilisha nywila, wapi."

"Mama, mmeanza juu," alisema mwalimu. "Mtandao ni kama nyumba ya ghorofa. Ukikagua, anza chini na usiruke ngazi. Kwanza tazama nyaya na taa za ruta, kile kisanduku cha waifai. Kisha tazama anwani, zile namba za kila kifaa. Kisha uone kama kompyuta inaifikia ruta. Ukishamaliza hayo, ndipo ulaumu intaneti ya huko nje."

"Taa zinawaka zote."

"Vizuri. Ngazi ya chini iko salama. Anwani je? Kuna kifaa kipya nyumbani?"

"Hakuna kipya. Ila ile printa ya risiti..." Mama Pasi alisita. "Wiki iliyopita ulisema printa ipewe anwani isiyobadilika, ili vifaa vingine viione kila siku mahali palepale. Nilipofika nyumbani nikaiandikia mwenyewe. Nikachagua anwani inayoishia na ishirini. Ni rahisi kukumbuka."

"Ulijuaje kwamba ishirini haina mwenyewe?"

"Sikuuliza," alisema.

Mwalimu alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Hebu niambie. Dukani kwenu, nguo za watu hazichanganyiki?"

"Hata siku moja. Tuna vibati vya namba ndani ya boksi. Mteja akileta nguo, mzee anachukua kibati kimoja na kukifunga kwenye mzigo wake. Nguo zikichukuliwa, kibati kinarudi kwenye boksi."

"Na wateja wa kudumu?"

"Wale wana namba zao. Zao hazikai kwenye boksi, la sivyo mzee angempa mtu mwingine, halafu..." Mama Pasi alishika kichwa. "Mungu wangu."

"Endelea, mama."

"Ruta ndiyo mzee! Ina boksi lake la anwani. Mimi nimechukua ishirini, nikaipa printa, na ruta haijui. Printa ikizimwa, ruta inaona ishirini iko huru, inampa binti yangu."

"Na printa ikiwashwa?"

"Wanakuwa wawili na namba moja. Mzigo wa huyu unapelekwa kwa yule."

"Hapo umenimalizia somo," alisema mwalimu. "Utaratibu wa ruta kugawa anwani ni moja ya itifaki. Itifaki ni makubaliano tu: nani aanze kusema, nani ajibu, nani agawe. Kifaa kimoja kikijichukulia chake bila kumwambia mgawaji, makubaliano yanavunjika. Kosa lako halikuwa kuipa printa anwani ya kudumu. Kosa ni kuitoa ndani ya boksi. Lakini hayo bado ni makisio, mama. Kesho yahakikishe kwa macho yako."

Asubuhi iliyofuata Mama Pasi alimwita binti.

"Mwanangu, mtandao huenda nimeuvuruga mimi. Nipe nafasi nihakikishe."

Binti alimtazama. "Haya. Nifanye nini?"

"Mpigie rafiki yako kwa video. Endelea kuongea naye."

Rafiki alitokea kwenye kioo, akiwa anapiga mswaki. Mama Pasi akawasha printa. Ikanguruma kidogo, na rafiki akaganda na mswaki wake mdomoni. Mama Pasi akazima printa, wakasubiri. Rafiki akarudi. Mama Pasi akaiwasha tena, rafiki akaganda tena.

"Kumbe!" Mzee Povu alisema mlangoni. "Mimi huiwasha nikiwa na mteja, nikimaliza naizima ili tusile umeme bure. Basi kila mteja alikuwa anamkatia mtoto maongezi."

Mama Pasi hakuishia hapo. Alifungua mipangilio ya kompyuta na kusoma anwani yake. Iliishia na ishirini. Akaiamuru printa ichape karatasi ya mipangilio yake. Nayo iliishia na ishirini. Akaiweka karatasi kando ya kompyuta mbele ya binti, asome mwenyewe.

Kisha akaingia kwenye ukurasa wa ruta. Hapo aliona kwamba ruta inagawa anwani kuanzia ile inayoishia na kumi mpaka inayoishia na mia. Akaihamisha printa hadi mia mbili, nje kabisa ya boksi. Kabla ya kuhifadhi alikagua kwanza kama kuna kifaa kinachotumia mia mbili. Hakikuwepo. Akaiandika anwani hiyo pia kwenye simu ya mumewe, inayotuma risiti kwenye printa, ili zijue njia. Wakarudia jaribio. Rafiki aliendelea kuongea mpaka wakachoka kumsikiliza.

Mchana Mama Pasi alikwenda kwa kinyozi. Alimpa nywila mpya na kumwomba msamaha mbele ya wateja wake.

"Kwa hiyo hazikuwa pumzi zangu?" kinyozi aliuliza.

"Ilikuwa printa yangu, baba."

Alhamisi ilifika. Binti alivaa shati jeupe ambalo mama yake alilinyoosha mara mbili. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama Pasi alirudi kwenye meza yake. Midomo yake ilikuwa ikicheza kwa sala isiyo na sauti.

Usaili ukiwa katikati, akaja mteja mwenye haraka. Walikuwa wamekubaliana printa isiguswe saa hiyo, kwa tahadhari tu. Mzee Povu akasahau. Kidole chake kilikwenda kwenye swichi chenyewe, kwa mazoea.

Printa ikanguruma.

Mama Pasi aliacha pasi, akaenda mpaka mlango wa chumba. Alitega sikio. Ndani, sauti ya binti ilikuwa ikieleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Haikukatika. Mtu wa upande wa pili aliuliza swali, na binti akajibu. Huku dukani risiti ilitoka, mteja akaichukua na kwenda zake.

Binti alipotoka, alimshika baba yake shati. "Baba! Nilisikia ile ngurumo, nikajua nimekwisha. Mdomo ukaendelea tu kusema. Na wao wakaendelea kunisikia!"

"Nilikuwa naijaribu," alisema Mzee Povu, akitazama pembeni.

Jibu la chuo lilikuja wiki iliyofuata, alasiri. Amepokelewa. Binti alilisoma kwa sauti mbele ya meza ya kunyooshea. Mama Pasi alisimamisha pasi wima isije ikaunguza shati la watu. Akafumba macho, akashukuru, akafumbua.

"Mama," binti alisema, "leo mashati nitamalizia mimi. Wewe utachelewa darasani."

Mama Pasi alimpisha, akaenda kunawa uso.