Pilipili Tamu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, kazi za nyumba ile zilikuwa na wenyewe. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alifungua chumba cha mbele na kuanza kushona nguo za wateja. Kaka mkubwa alijaza maji mapipa mawili ya uani. Bibi, aliyemzaa Mama, alichambua maharagwe huku akisikiliza redio na kubishana na mtangazaji. Naye binti wa miaka kumi na miwili aliosha vyombo, akafagia jikoni na kufuta meza, yote hayo kwa kasi iliyompatia jina ambalo hata mwalimu wake alilitumia: Chapuchapu.

Hakulichukia jina hilo. Kwake lilikuwa sifa. Ila Kaka alizoea kusema kwamba sahani zilizooshwa na Chapuchapu humkumbusha mtu chakula cha jana, kwa kuwa bado huwa kimo.

Nyuma ya mlango wa jikoni, msumarini, ilining'inia aproni ya kitambaa kizito cha buluu. Mama aliishona kutokana na mabaki ya sare alizoshonea kiwanda kimoja. Alimwambia Chapuchapu kwamba siku atakapopika mlo mzima peke yake, tangu kumenya hadi kupakua, naye Mama akaula bila kuwa na la kuuliza, aproni ile itakuwa yake, na jiko litakuwa lake kila Jumamosi. Tangu hapo, Chapuchapu hakufunga mlango ule bila kuitazama.

Siku yenyewe ikafika. Mama Mdogo, mdogo wake Mama, alikuwa mpishi katika hoteli, na Jumamosi hiyo alikuwa na mapumziko. Angekuja kula chakula cha mchana. Wiki moja kabla, alikuwa amemwandikia Chapuchapu karatasi ya kumwelekeza jinsi ya kupika chipsi za Kikajuni. Wakajuni, alieleza, ni watu wa ng'ambo wapendao viungo, na chipsi za mtindo wao hazitoki jikoni zikiwa tupu. Hunyunyiziwa unga wa viungo zingali za moto, kisha hubebeshwa nyama ya kusaga, jibini, vitunguu na mtindi mzito, hadi mlaji alazimike kuzitafuta chipsi zenyewe.

Katikati ya karatasi paliandikwa hivi: "Pilipili tamu, vijiko vitatu vikubwa. Pilipili kali, robo ya kijiko cha chai. Kitunguu saumu cha unga, pilipili manga, chumvi na majani makavu ya kunukia. Changanya. Onja kabla ya kunyunyiza." Neno "onja" lilipigiwa mistari miwili.

Pilipili kali ilikuwemo kabatini, ndani ya kopo. Hiyo tamu haikuwemo, basi Chapuchapu akatoka mbio kwenda kwa muuza viungo, mzee mchangamfu aliyepanga mifuko yake kwa rangi, kuanzia manjano hadi nyeusi.

"Shikamoo, babu. Naomba pilipili tamu ya unga."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona pilipili zangu zote ni tamu?"

Chapuchapu alicheka, akamwomba basi ampe iliyo tamu kuliko zote. Mzee hakusita. Alichota kutoka katika mfuko uliokuwa karibu naye zaidi, akaeleza kwa fahari kwamba hiyo ndiyo wateja wake huisifu na kuirudia. Alipomwambia aonje kidogo kwa ncha ya kidole, mteja wake alikwisha kuvuka barabara.

Nyumbani kazi ilikwenda vizuri mno. Chapuchapu alimenya viazi, akavikata vipande virefu vyenye unene wa kidole, akaviloweka katika maji baridi, kisha akavikausha kwa kitambaa safi, kila kipande, kwa sababu maji na mafuta ya moto havipatani. Nyama ya kusaga aliikaanga kwa vitunguu na kuifunika. Mafuta yalipowekwa motoni, Kaka alikuja kusimama kando ya jiko, kwani sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba mtoto hakai na mafuta ya moto bila mkubwa. Viazi vilikaangwa mara ya kwanza, vikapumzishwa, kisha nusu yake vikarudishwa kwenye mafuta ili vikauke na kuwa na rangi ya dhahabu. Katika bakuli, unga wa viungo ulikuwa mwekundu wa kupendeza.

Mama aliuliza kutoka chumba cha mbele, sauti yake ikipita juu ya mlio wa cherehani. "Umeonja viungo?"

"Nimeonja, Mama."

Hakuwa ameonja. Wala hakuwa amepanga kudanganya. Wakati ule mikono yake ilikuwa ikitafuta mwiko, na jibu lilimtoka kama kila kitu kilivyomtoka, chapuchapu. Cherehani ikaendelea kulia. Yeye akanyunyizia chipsi za kwanza unga ule, akazipepeta katika beseni, kisha akachukua moja na kuitia mdomoni.

Mwanzo alisikia chumvi. Kisha kitunguu saumu. Kisha hakusikia tena chochote isipokuwa moto. Masikio yaliwaka, pua ikachuruzika, machozi yakajaa. Alikunywa maji, na moto ukazidi. Kaka, ambaye naye alikuwa amedokoa mbili, aligeukia ukuta na kukohoa kwa muda mrefu.

Aliporudiwa na sauti, Kaka alimshauri kwa kunong'ona. "Tia jibini nyingi juu. Mwaga na mtindi wote. Nani atajua?"

Ushauri ule ulikuwa mtamu kusikika. Mtindi kweli ungepunguza ukali, angalau tonge la kwanza. Mama alikwisha kusikia kwamba viungo vimeonjwa, na aproni ilikuwa palepale msumarini, hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Chapuchapu alichukua jibini na kuanza kuikwaruza juu ya chipsi.

Ndipo alipochungulia chumba cha kulia. Bibi alikuwa amekwisha kukaa mezani, amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani, miwani ameifuta. Asubuhi hakunywa hata uji. Alisema anaachia nafasi chipsi za mjukuu wake. Na katika nyumba ile, sahani ya kwanza ilikuwa ya Bibi siku zote. Mdomo wa kwanza kuungua ungekuwa wake.

Chapuchapu aliiweka jibini chini, akaenda chumba cha mbele na kusimama mbele ya cherehani. Mama alipomwona machozi, alidhani amejiunguza, akaishika mikono yake na kuitazama pande zote.

"Mama, niliposema nimeonja, nilikuwa sijaonja," alisema. "Nimekudanganya. Na chipsi haziliki."

Mama aliuondoa mguu wake kwenye cherehani. Hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna viazi ambavyo havijanyunyiziwa. Vilikuwepo, nusu nzima, vilivyokaangwa mara moja. "Basi chakula kipo," Mama alisema. "Kilichoharibika ni viungo na neno lako. Viungo tutavitengeneza sasa hivi. Hilo la pili tutalizungumza tukishakula."

Mlango ulibishwa, Mama Mdogo akaingia na kapu lake. Alipopewa habari, alichovya kidole ndani ya bakuli, akaramba, akakaa chini akijipepea kwa karatasi yake mwenyewe. Akamwuliza Chapuchapu aliomba nini dukani. Alipoelezwa kwamba aliomba pilipili tamu, na muuzaji akampa ile inayosifiwa kuliko zote, alicheka hadi kapu likadondoka.

Baada ya kutulia alikiri kwamba na yeye ana sehemu yake ya kosa. Alikuwa ameandika "tamu" akimaanisha isiyowasha, ile inayotiwa kwa ajili ya rangi na harufu. Muuzaji alisikia "tamu" akaelewa yenye kupendeza ulimini. Neno ni lilelile moja, na kila mmoja alilishika upande wake. "Ndiyo maana nikaweka kuonja mwishoni," alisema. "Maneno yakimkosesha mtu, ulimi humrudisha njiani."

Chapuchapu alirudi dukani, safari hii kwa kutembea. Alimweleza mzee kwamba anataka pilipili isiyowasha. Mzee alijipiga paji la uso, akainama chini ya meza na kutoa mfuko mdogo wa unga mwekundu. Chapuchapu aliomba kuuonja hapohapo. Ulikuwa na ladha ya upole, kama tunda lililokaushwa juani.

Alichanganya upya. Mahali pa pilipili kali alitia robo ya kijiko cha chai ya ile pilipili aliyoinunua kwanza, ambayo kwa kiasi hicho ilifaa kabisa. Akaonja. Akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Viazi vilivyobaki vilirudi kwenye mafuta vikisherehekea, na wakati vinakaangwa alisikia cherehani ikilia kidogo katika chumba cha mbele, kisha ikanyamaza. Alishangaa ni mteja gani huyo wa saa ya chakula.

Sinia lilipofika mezani, mvuke ulikuwa bado unapanda. Bibi alipewa sahani ya kwanza. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba, akatangaza kwamba zinawasha kiasi cha kumwamsha mtu bila kumfukuza kitandani. Kaka, ili kufuta aibu ya ushauri wake, alijitolea kula zile chipsi za kwanza. Alikula saba, akanywa glasi tatu za maziwa, akaomba ya nne kwa ishara.

Bibi alimtazama kwa huruma kidogo. "Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Wewe umeila, mjukuu wangu. Washwa."

Mama alikula bila neno hadi sahani ikabaki nyeupe. Chapuchapu alihesabu kila tonge lake. Hatimaye Mama aliweka uma chini.

"Nina swali," alisema. Chapuchapu akainamisha uso. "Zimebaki?"

Waliocheka zaidi ni Bibi na Mama Mdogo. Mama aliinuka, akaenda chumba cha mbele na kurudi na ile aproni ya buluu. Hapo Chapuchapu alitambua kwamba haikuwa imeonekana msumarini tangu aliporudi kutoka dukani. Kifuani ilikuwa na mfuko mpya, mwembamba mno, usioingia hata vidole viwili. Ndani yake palisimama kijiko kimoja cha chai.

"Sikupi kwa sababu chipsi ni nzuri, ingawa ni nzuri," Mama alisema, akimfunga kamba mgongoni. "Nakupa kwa sababu ulikuja kuniambia wakati ambapo ungeweza kuficha. Kijiko hiki ni cha kuonjea. Lakini kumbuka, mwanangu, ulimi unaoonja ndio huohuo unaosema. Usiuruhusu useme 'nimeonja' kabla haujaonja. Kazi ikiharibika hutengenezwa kwa mkono, na neno likiharibika halitengenezwi ila kwa ukweli. Leo umefanya yote mawili."

"Na tena," Bibi aliongeza, akijisogezea sinia, "mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Kaka, aliyekuwa amepata sauti yake kwa taabu, aliuliza ni tamu ipi hiyo anayoisema Bibi: ya kupendeza, au ile isiyowasha. Chapuchapu alichomoa kijiko kifuani, akachota mtindi, akampa.

"Onja kwanza," alimwambia, "ndipo ujibiwe."