Jina Alilolikata Keeley

"Nimekaa na koti mwilini tangu saa nane, Lorraine! Saa nane mchana!" Bwana Entwistle aligonga fimbo chini. "Wazee wote wa mtaa huu mmewabeba kwenda kupiga kura, mimi mnanipita tu!"

"Sikukupita, Bwana Entwistle. Jina lako halimo kwenye orodha yangu."

"Uliliandika Jumapili, mbele ya macho yangu!"

Ng'ambo ya barabara, Bi Shaheen alikuwa ameshaegemea mlango wake. "Lorraine, mpe mzee haki yake! Mimi mlinipeleka asubuhi kama bibi harusi!"

Keeley, binti wa Lorraine mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ndani ya gari, orodha ikiwa mapajani. Masikio yalimwaka moto.

Siku hiyo hakwenda shule, kwa kuwa shule yenyewe ndiyo ilikuwa kituo cha kura. Mama yake, mfanyakazi wa kujitolea wa chama chekundu, chama cha wafanyakazi, alikuwa amempa kazi ya kunakili majina ya wanaohitaji gari. Wiki iliyopita mwalimu alikuwa ameeleza jinsi umri, kazi, nyumba, hata gazeti analosoma mtu, vinavyoelekeza kura yake. Basi Keeley alipofika kwenye jina la Bwana Entwistle akapiga hesabu: mzee, meneja wa benki mstaafu, nyumba yenye bustani, tai shingoni hata Jumamosi. Huyu ni wa chama cha bluu, cha matajiri! Gari letu limbebe wa nini? Akalipiga jina hilo mstari.

Sasa ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na mzee mwenye nyonga mbovu asingeweza kupanda kilima cha kwenda shuleni kwa miguu. Keeley alifungua mlango wa gari, akashuka.

"Mama, jina lake nililikata mimi. Nilidhani anawapigia wale wengine."

Bi Shaheen aliacha mlango wake, akavuka barabara asikie vizuri.

"Umejuaje?" Bwana Entwistle aliuliza taratibu.

"Nyumba yako. Na... tai."

"Baba yangu alifuma nguo kiwandani miaka arobaini, akafa kiziwi kwa kelele za mitambo. Hilo nalo uliliona kwenye tai?" "Tangu nifikishe umri wa kupiga kura sijakosa hata mara moja. Na nampigia nani, hata marehemu mke wangu sikumwambia."

Keeley alitamani ardhi immeze.

"Panda, Bwana Entwistle," Lorraine alisema. "Keeley, mshike mkono."

Alimshika mpaka mlangoni mwa shule, majirani kwenye foleni wakimtazama. Mzee alipoingia kupiga kura, mama alimgeukia Keeley.

"Mwalimu alikueleza watu wengi hufanyaje. Hakukueleza huyu mmoja atafanyaje. Na hata ungejua, kura ni yake. Kazi yetu ni kumfikisha, awe wetu au asiwe wetu."

Mzee alitoka bila kusema alimchagua nani, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Walipomrudisha nyumbani, Keeley alibaki nje ya geti, macho chini.

"Nisamehe, Bwana Entwistle. Nilikukosea sana."

"Sana," mzee alikubali. Akafungua mlango, harufu ya pai ya nyama na viazi ikatoka.

"Sasa unasimama nje kwa nini? Mwite mama yako. Ingieni ndani tule."