Moshi wa Tarehe Ishirini na Tisa

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1974. Asubuhi hiyo bonde la Usangu lilikuwa na baridi kidogo, na upepo ulitoka mashariki. Malimi alikuwa anakamua ng'ombe. Mke wake, Ng'washi, alishika kibuyu cha maziwa. Walikuwa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Shinyanga.

Lori la mpunga lilisimama njiani. Dereva akashuka.

"Baba Roza, dada yako wa Ilomba, kule Mbeya, anakuita," alisema. "Mtoto amebanwa tena na kifua. Ijumaa walimkimbiza hospitali."

Ng'washi aliweka kibuyu chini. "Tulimpeleka Mbeya apone," alisema. "Sasa tumpeleke wapi?"

Roza, binti yao wa miaka tisa, alikuwa na pumu. Kila kiangazi moshi ulipozidi bondeni, kifua chake kilibana na pumzi yake ililia kama filimbi. Kwa hiyo mwezi wa saba walimpeleka kwa shangazi yake, Shija, mjini Mbeya.

Malimi mwenyewe kila mwaka alichoma nyasi kavu, kama wafugaji wenzake, ili majani mapya yachipue. Lakini alikuwa mwangalifu. Alingoja upepo wa mashariki, moshi uende mbali na nyumba yake. "Ukifika milimani umekwisha," alizoea kusema.

Siku hiyohiyo Malimi na Ng'washi walipanda basi hadi Mbeya. Walimkuta Roza amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Alisema maneno machache, akapumzika.

"Baba, umeniletea... maziwa?"

"Mama yako amebeba kibuyu kizima. Utakunywa mpaka ulie kama ndama."

Roza alicheka, kisha akakohoa sana. Ng'washi alimshika mgongoni, akasali kimya.

"Ni baridi ya Mbeya hii," alisema Malimi.

Jirani mmoja wa Shija alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Jina lake Isakwisa. Alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa.

"Baridi yetu unaionea bure, ndugu Malimi," alisema. "Kesho njoo ofisini. Kuna picha nataka uione."

Kesho yake Isakwisa alitandika mezani picha kubwa, nyeusi na nyeupe.

"Hii imepigwa na setilaiti," alisema. "Ni chombo kinachozunguka dunia, juu sana kuliko ndege. Kinapiga picha na kuzituma chini kwa mawimbi, kama redio inavyoleta sauti. Wenzetu wa Nairobi wanazipokea, kisha wanatuletea nakala."

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Nyumba ni ndogo mno, haionekani. Hili jeusi ni Ziwa Nyasa. Haya meupe ni mawingu. Sasa tazama utando huu wa kijivu."

Utando ulianzia Usangu, ukapita Mbeya. Uliungana na mwingine, ukaingia Zambia, ukaendelea mpaka Zaire.

"Ni mvua?" aliuliza Malimi.

"Ni moshi. Tunaweka picha ya jana kando ya picha ya leo, tunaona umefika wapi. Kila mtu anachoma kipande chake. Kutoka juu ni moshi mmoja, na mpakani hauulizwi pasipoti."

"Nani aliuwasha?"

"Picha haiandiki majina."

Lakini pembeni iliandikwa tarehe. Malimi alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliopita, katika darasa la jioni la watu wazima. Aliweka kidole chini ya tarakimu, akasoma moja moja. 29-8-74. Alitoa mfukoni cheti cha hospitali cha Roza, alichopewa na Shija, akasoma tena. 30-8-74.

"Tarehe ishirini na tisa ndiyo siku niliyochoma," alisema polepole. "Upepo wa mashariki ulipokuja nilimshukuru Mungu. Kumbe nilikuwa nampelekea mwanangu moshi."

"Mioto ilikuwa mingi," alisema Isakwisa.

"Na wangu ulikuwemo. Lakini nisipochoma, ng'ombe watakula nini?"

"Kata nyasi mwezi wa tano, zikiwa bado na rangi ya kijani. Zianike, uzihifadhi. Kama ni lazima kuchoma, choma mapema, mwezi wa sita, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Choma kipande kidogo. Kwanza lima ukanda mtupu pande zote, moto usivuke. Tena shaurianeni, msichome wote siku moja."

Roza alipopata nafuu, Malimi alirudi Usangu. Aliwaeleza wenzake kwenye josho la ng'ombe. Bujiku, jirani mwenye ng'ombe wengi, alicheka.

"Malimi amekwenda mjini siku nne, amerudi na macho ya juu mawinguni. Ng'ombe wangu watakula picha?"

"Watakula nyasi kavu. Mwaka ujao nikishindwa, nicheke mbele ya mke wangu."

"Hiyo nilishaanza," alisema Bujiku.

Mwezi wa tano 1975, Malimi na Ng'washi walikata nyasi, wakazianika, wakazipanga juu ya uchanja. Majirani watano walifanya vivyo hivyo. Bujiku hakukata.

Ilipofika Agosti, ng'ombe wa Bujiku walionyesha mbavu. Asubuhi moja alikuja kwa Malimi, kiberiti mkononi. Majirani na watoto wao walikuwa hapo wakifunga mizigo ya nyasi.

"Leo upepo ni wa mashariki," alisema. "Nachoma."

Msichana akatoka nyumbani, amebeba ndoo. Alipiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, Roza. Umerudi lini kutoka Mbeya?"

"Mwaka huu sikwenda. Nimelala nyumbani kiangazi chote."

Bujiku alimsikiliza akipumua. Hakusikia filimbi.

"Chukua mizigo kumi, ndugu yangu," alisema Malimi. "Mwakani utakata yako."

Bujiku alitazama nyasi, akamtazama mtoto. Akampa Ng'washi kile kiberiti. "Kapikie uji," alisema. Kisha akageuka. "Roza, tuko wangapi hapa?"

Roza alihesabu kwa kidole. "Kumi na mmoja, baba mkubwa."

"Basi wote mnanisikia, na Mungu ananisikia. Upepo uwe wa mashariki au wa magharibi, mimi Bujiku sitachoma tena mbuga wakati wa kiangazi. Mtoto huyu atalala kwao."