Pesa za Mbao za Mama Kijacho

Asubuhi hiyo nilikuwa nafagia maranda. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, na Jumamosi kazi yangu ni karakana ya baba. Baba ni seremala. Akipiga randa wiki nzima, maranda yanajaa chini ya benchi mpaka paka anazaa humo. Sisemi uongo. Mwaka jana alizaa humo.

Baba alikuwa amekaa juu ya kigogo anajikanda bega la kulia. Bega hilo ndilo linalosukuma randa. Siku za baridi hawezi hata kuvaa shati bila kusaidiwa.

"Mama," aliniita. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Weka ufagio chini. Njoo na macho yako, njoo na vidole vyako."

Simu haimsikii baba. Vidole vyake vina gundi na vanishi ya miaka mingi, vimekuwa vigumu kama kwato. Anabonyeza kioo, kioo kinamtazama tu. Kwa hiyo mambo ya simu ni yangu.

Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Spana, fundi pikipiki wa mlango wa pili. Ndani ya ujumbe kulikuwa na kiungo. Nilipokibonyeza ukafunguka ukurasa wenye picha za mipira na noti zinazoanguka kama mvua. Ulikuwa ukurasa wa kubeti, yaani kubashiri mechi kwa pesa.

"Spana ameshinda," baba alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Na ukijiunga leo, kila unachoweka wanakuongezea mara mbili. Sitaki makubwa mimi. Nataka randa ya umeme tu, bega lipumzike."

"Lakini baba..."

"Lakini nini?"

"Hapana, baba."

Ndivyo nilivyo. Maneno yangu hufika kooni, yakaona watu, yakarudi ndani.

"Haya, jaza. Na ujaze ukweli. Sisi si wezi."

Nikaanza kujaza. Jina, nikaandika la baba. Namba ya simu, nikaandika ya baba. Hapo akaingia mteja mmoja kulalamika kwamba mlango wake umevimba kwa mvua, haufungi. Baba akatoka naye nje. Mimi nikafika penye tarehe ya kuzaliwa. Ya baba siijui. Yeye mwenyewe husema alizaliwa mwaka wa mafuriko. Niliona haya kumkatiza mbele ya mteja. Nikafikiri, anayejaza ni mimi, na baba amesema nijaze ukweli. Nikaandika tarehe yangu.

Ukurasa ukaruka, ukaandika, "Hongera, umejiunga."

Kikabaki kisanduku kimoja: "Andika namba ya siri ya simu pesa yako ili kuweka pesa." Baba aliporudi nikamwonyesha. Akaitamka namba ya siri kwa sauti, nafikiri hata paka alisikia. Kisha akasema, "Ngoja kwanza. Simu haina kitu. Nenda kibandani ukaweke, halafu utajaza."

Akatoa mfukoni mwa shati lake noti zilizokunjwa. Zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa kubania nywele, wa kijani.

Mpira ule niliujua, na pesa zile nilizijua. Ni Mama Kijacho aliyezileta, malipo ya kwanza ya kitanda cha mtoto, ili baba akanunue mbao. Baba alikuwa amekwisha kuchora kitanda chenyewe ukutani kwa penseli, na fito za pembeni zote.

"Zitarudi kabla ya jioni," baba alisema, kama aliyenisikia nikiwaza. "Na zitarudi na wenzao."

Nikaenda.

Tatizo ni hili. Mtaani kwetu kibanda cha simu pesa ni kimoja, na anayekaa dirishani ni Mama Kijacho huyo huyo. Watu wanamwita hivyo kwa sababu ya mtoto anayemtarajia. Tumbo lake siku hizi linafika kaunta kabla yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mrembo. Umetumwa?"

Nikasukuma pesa na simu chini ya kidirisha. Hakuzihesabu. Alivuta ule mpira wa kijani, ukarudi ukamgonga kidole.

"Huu ulitoka kichwani kwangu," alisema. "Mbao siku hizi zinanunuliwa kwa simu?"

Nikatazama ndala zangu.

"Sikugombezi. Pesa nikishampa fundi, ni za fundi. Nauliza tu. Huyu wangu atalala wapi, kwenye droo?"

"Ni za kubeti," nilisema.

"Sema na mimi, usiseme na ukuta."

"Za kubeti. Zitarudi leo na wenzao."

Hakucheka. Alikaa vizuri kwenye kiti, mkono kiunoni.

"Nikuambie ninachokiona hapa. Ijumaa na Jumamosi nina foleni ya kuweka. Wanakuja wanapiga miluzi, kila mtu na mkeka wake, maana ile orodha ya mechi wanaiita mkeka. Jumatatu unadhani wanakuja kutoa? Wanakuja kuniambia mkeka umechanika. Mtaa mzima mikeka imechanika, sijui wanalalia nini."

"Lakini Spana ameshinda."

"Siri za wateja sisemi. Ila kamwulize yeye mwenyewe swali moja. Hizo pesa umezishika, au umeziona kwenye kioo? Namba kwenye kioo hata mimi naweza kukuandikia. Nipe hiyo simu nione."

Akaufungua ule ukurasa. Akauteremsha taratibu kwa kidole. Mara akasimama.

"Hii tarehe ya kuzaliwa ni ya nani?"

"Yangu."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na wamekukubali?"

"Wamesema hongera."

Mama Kijacho akageuza simu, akaiweka katikati yetu ili wote tuone.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kampuni ya kubeti yenye leseni hairuhusiwi kumchukua mtoto. Aliye chini ya miaka kumi na minane inamkataa. Inataka kitambulisho, inahakikisha. Hawa umewaambia una miaka kumi na minne, wamekupigia makofi. Kwa nini? Kwa sababu hawana haja ya kujua wewe ni nani. Wanataka kitu kimoja tu." Akaweka kidole juu ya kile kisanduku cha mwisho. "Hiki. Umekijaza?"

"Bado."

"Una hakika?"

"Baba aliitamka tu kwa sauti pale karakana, akasema nije kuweka pesa kwanza."

Akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Na mimi nikashusha yangu, maana sikujua nilikuwa nimeibana.

"Namba ya siri inabonyezwa kwenye menyu ya simu pesa yenyewe," alisema. "Haiandikwi kwenye ukurasa wa mtu. Haisemwi kwa anayepiga simu, hata akijiita mfalme. Ungeiandika hapa, wangeingia wakachukua hizi, na kesho wangechukua nyingine. Na baba yako aibadilishe leo. Namba iliyotamkwa kwa sauti karakana nzima si ya siri tena."

"Kwa hiyo baba atafute kampuni yenye leseni?" niliuliza. Nilijishangaa. Kwa kawaida siulizi.

"Umeuliza vizuri. Mwenye leseni hakuibii namba ya siri. Lakini hilo jumba lake la ghorofa limejengwa na wanaokosa, halikujengwa na wanaopata. Na ile ya kukuongezea mara mbili, soma maandishi madogo chini. Mara nyingi huwezi kuitoa mpaka uichezee tena na tena, na ukichezea tena na tena inakwisha. Mtu mzima akitaka kucheza na pesa yake ya ziada, shauri yake. Pesa ya mbao si ya ziada."

Akazifunga zile noti kwa mpira wa kijani, akanirudishia.

"Kamwambie baba yako."

"Siwezi, dada. Mwambie wewe."

"Nimwambie na hii foleni?" Nyuma yangu walikuwa wamekwisha kusimama watu, na mmoja anapiga mluzi. "Wewe ndiye uliyejaza, wewe ndiye unayejua. Maneno si lazima yawe mengi."

Njiani niliyapanga maneno. Nilipofika mlangoni yote yakamwagika. Baba alikuwa anainoa patasi.

"Umeweka?"

Nikampa noti kama zilivyokuwa.

"Mtandao hakuna?"

"Baba," nilisema, "mtoto kama mimi akija hapa peke yake kununua kitanda cha watu wazima, utamuuzia?"

"Nitamuuliza baba yako yuko wapi."

"Wale hawakuniuliza. Niliandika tarehe yangu ya kuzaliwa, ya kwako siijui. Wakasema hongera."

Baba akaacha kunoa.

"Wamekubali mtoto?"

"Ndiyo. Na wanataka namba ya siri. Mama Kijacho anasema kampuni ya kweli haiulizi namba ya siri, na haichukui mtoto. Anasema tumwulize Spana kama ameshazishika zile pesa." Nilikuwa nimeshasema mengi kuliko wiki nzima, nikaona nimalizie. "Na anasema mtoto wake hatalala kwenye droo."

Baba alitazama kile kitanda cha penseli ukutani. Kisha akatazama noti, akauvuta ule mpira kidogo, akauachia.

"Amezijua pesa zake?"

"Amezijua kwa mpira."

"Aibu yangu hii," alisema polepole. "Spana!" Ukuta wetu ni wa mabati, huhitaji kwenda kumwita mtu. "Spana, njoo hapa."

Spana akaja na mikono ya grisi.

"Mzee, umeshajiunga? Wahi, zawadi inaisha leo."

"Zile pesa ulizonionyesha. Umeshazishika?"

"Ziko kwenye akaunti."

"Nimeuliza umeshazishika."

Spana alijikuna shingo, akaacha alama nyeusi. "Bado kidogo. Kuna mtu wao anaitwa Mtaalamu, tunaandikiana. Anasema lazima nilipe ada kwanza ndipo zitoke. Nililipa. Sasa anasema kuna kodi. Nilikuwa nataka kuuza ile pampu yangu ya upepo, nimalizie."

"Ukiuza pampu utajaza matairi kwa mdomo?"

Baba akampa Spana kigogo akae.

Nikawaambia yote aliyosema Mama Kijacho, na safari hii hayakumwagika. Walisikiliza, wote wawili, watu wazima, na mimi nimeshika ufagio. Baba akafikiri, akasema neno ambalo nadhani ni la seremala.

"Mteja akikosa malipo ya kumalizia, mimi humwambia sawa, nakata ubao mmoja, chukua kilichobaki. Mwambie huyo Mtaalamu wako akate. Si una ushindi mkubwa kwake? Hiyo kodi aikate humo humo, akutumie inayobaki."

Spana alimtazama baba, kisha simu. Kwa sababu ya grisi niliandika mimi. Niliandika: "Kateni kodi hiyo kwenye ushindi wangu. Nitumieni inayobaki, hata kidogo." Nikatuma.

Kila mara Mtaalamu alikuwa anajibu kabla hujaweka simu chini. Tulisubiri. Zikatokea alama kwamba ujumbe umesomwa. Tukasubiri tena.

"Labda anapiga hesabu," Spana alisema, lakini sauti yake ilishajua.

Baba alikwenda kununua mbao saa ile ile, mimi nyuma yake nimeshika futi ya kupimia. Spana alikwenda kibandani. Mama Kijacho alimwambia asilipe kitu kingine, asifute ujumbe wowote, na akawapigia kwa niaba yake watu wa huduma ya simu pesa, akawapa ile namba aliyoitumia ada. Kisha akamwelekeza kituo cha polisi akaandikishe. Ada aliyolipa haijarudi mpaka leo. "Lakini pampu ninayo," Spana anasema, na kila akijaza tairi utamsikia anaimba. Baba alibadilisha namba yake ya siri. Sasa hata mimi siijui, anaibonyeza mwenyewe kwa kidole kidogo, ndicho pekee kisicho na gundi.

Kitanda kilikwisha kabla mtoto hajafika. Nilipiga msasa fito zote mimi, mpaka ukipitisha shavu halikwaruzwi. Mama Kijacho alipokuja kukiona alikitikisa kwa mikono miwili, hakikulia. Baba alitaka kumwomba radhi, akaanza, "Dada, siku ile..." Yeye akamwambia, "Fundi, kitanda kimesimama. Yamekwisha." Kisha akaupokea kwa baba ule mpira wake wa kijani, akaufunga kwenye fito kama pambo.

Amezaa mtoto wa kike. Kina mama wenzake wa kliniki walikiona kitanda, na sasa ukutani kwetu kuna vitanda vingine vya penseli. Baba anatenga kidogo kila kazi, kwenye akiba ya simu isiyofunguka mpaka muda ufike. Randa ya umeme bado. Lakini bega analikanda huku anapiga mluzi, na huo si mluzi wa mkeka.

Jana Spana alikuja kutusaidia kubeba kitanda cha pili. Nilimwuliza kama Mtaalamu amejibu.

Akaitoa simu mfukoni, akaifuta kwa fulana, akanionyesha. Ujumbe ule ule nilioandika mimi ulikuwa wa mwisho. Umesomwa. Chini yake hakuna kitu.

"Shika upande ule," baba alimwambia. "Tubebe."