Kiu ya Mtungi

Asubuhi ile ndoo ya mashine ilikuwa kavu. Mashine ile ilifyonza unyevu chumbani, na kila siku Bi Brashi, fundi wa kutunza vitu vya kale katika jumba la makumbusho, alimwaga ndoo tele. Mvua ilikuwa inapiga tangu jana, kuta zinatoa jasho, lakini ndoo haikuwa na hata tone.

"Umeimwaga wewe?" alimuuliza mlinzi.

"Mimi? Hata sahani yangu siiondoi mezani, nije nimwage ndoo yako?"

Bi Brashi alicheka, akaugeukia mtungi uliokuwa mezani. Uliletwa kutoka kijiji kilichohamwa. Mvua za huko zilipotea mwaka baada ya mwaka mpaka chemchemi ikafa. Waliouleta walimwomba jambo moja tu: usikauke ndani. Tangu enzi za mababu ulikaa penye chemchemi ukiwa na maji, ili mwenye chemchemi, yule asiyeonekana, asikose pa kunywa. Bi Brashi aliitikia kwa adabu, kisha akafanya alichosomea: akaufuta, akaukausha kabisa. Unyevu huleta kuvu, na yeye na kuvu walikuwa maadui wa kufa na kupona.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kitinda mimba wake alikuwa akizurura humo chumbani. Mtoto, tena mtundu! Akauinamia mtungi, akaita, "Huuu!"

Mwangwi haukurudi. Ilitoka harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, halafu sauti ya koo likigugumia.

"Mama, nina kiu."

Akapewa chupa akaimaliza, akapewa jagi akalimaliza, na mchana kutwa akanywa huku midomo ikizidi kupasuka, na alipolia machozi hayakutoka, na kila bomba alilolisogelea lilikohoa likakata, na alipojilaza kifuani pa mama yake, mama alilisikia lile koo likigugumia ndani ya mtoto aliyefumba mdomo.

Mganga alipoitwa alimshika mtoto mkono, akauachia haraka.

"Jini namtoa, dada yangu," alinong'ona. "Nimeshatoa wengi. Lakini nikimtoa humwambia arudi kwake. Huyu nimwambie arudi wapi?"

"Kwenye chemchemi yake!"

"Bado ipo?"

Bi Brashi aliujaza mtungi maji, na maji yakaisha akiyatazama.

Mama na mtoto walikwenda huko hata hivyo, maana mama hawezi kukaa tu. Njia nyembamba za wachota maji zilikuwa bado zinashuka kutoka kila upande, na chini kulikuwa na tope lililokauka na kupasukapasuka. Bi Brashi aliuweka mtungi, akapiga magoti.

"Nisamehe," alisema. "Kosa ni langu. Nichukue mimi, mwache mwanangu."

Mtoto alijilaza kifudifudi, akatia mdomo kwenye ufa, akanyonya kwa muda mrefu sana. Alipoinuka, midomo ilikuwa imejaa vumbi.

"Hapa si kwangu tena," alisema kwa sauti ya mzee. Kisha akanyoosha mkono. "Basi twende kwetu, mama."

Mama akaushika, kwa sababu ulikuwa mkono wa mwanawe.